Tarishi Aliyechelewa Ngazini

Jengo lile lina ghorofa tano na lifti moja. Lifti ilikufa miaka kumi na moja iliyopita, ikakwama kati ya ghorofa ya pili na ya tatu ikiwa na ndoo na ufagio ndani yake, na vyote viwili vimo humo mpaka leo. Kila mwaka huja fundi na tochi, huchungulia juu kama mtu anayetafuta mvua, hutikisa kichwa, huandika kitu kwenye karatasi, huyoo, ameondoka. Kazi ya kupanda na kushuka akabaki nayo tarishi, na watu wa jengo, ambao hawakosi neno, wakamwita Lifti. Jina likamkaa. Hata mkewe humwita hivyo akiwa na hasira, na katika siku hizi ninazotaka kuwasimulia, mama wa watu alikuwa na hasira za kutosha.

Ni ofisi ya ramani za viwanja. Barua zote hupokelewa chini, kaunta, kisha huandikwa kwenye daftari refu jeusi lenye mgongo mwekundu. Kila barua na mstari wake: namba, saa iliyotoka chini, saa iliyopokelewa juu, sahihi ya mpokeaji. Lifti hulikumbatia daftari hilo pamoja na barua, akapanda. Nyingi huenda ghorofa ya nne kwa katibu muhtasi wa bosi, mwanamke mwembamba wa makamo ambaye jengo zima humwita Bi Saa. Zamani aliwahi kulaumiwa kwa barua iliyochelewa siku tatu, barua ambayo wala hakuwahi kuiona. Tangu hapo haandiki "asubuhi" kama wengine. Anaandika saa tatu na dakika kumi na mbili. Saa yake ya ukutani anairekebisha kwa taarifa ya habari ya redioni.

Lifti na Bi Saa hawakupatana kwa miaka kumi na tisa. Lakini kulikuwa kutopatana kule kwa watu ambao mmoja asipokuja kazini, mwenzake hushinda akitazama mlango.

Kutoka kaunta hadi mezani kwa Bi Saa kuna vidato sabini na sita. Lifti alivipanda kwa dakika nne, mluzi mdomoni.

Sasa mwaka jana mzee huyu aliona damu chooni. Akanyamaza miezi minne. Alipokwenda hospitali ilikuwa saratani ya utumbo mpana. Akapasuliwa, akashonwa, na baada ya hapo akaambiwa atapewa dripu sita za dawa kali, moja kila baada ya wiki tatu. Daktari wake ni dada wa makamo ya binti yake mkubwa, mpole, mwenye mafaili mengi kuliko meza. Alimweleza vizuri:

"Upasuaji umeondoa kile tulichokiona, mzee wangu. Dripu ni kwa ajili ya kile tusichokiona. Tukizimaliza zote sita, na kwa wakati, nina matumaini ya kweli kabisa. Lakini kwa wakati."

Neno hilo "kwa wakati" Lifti alilielewa kuliko mgonjwa mwingine yeyote katika kitengo kile. Ndiyo kazi yake.

Dripu tatu zikaingia. Ya nne ikagoma.

Kabla ya kila dripu mgonjwa hutolewa damu kidogo, ikapimwa kiwango. Daktari alitaka angalau nane. Jumanne ile damu ya Lifti ilisoma saba nukta nane.

"Pointi mbili tu!" Lifti akasema. "Mwanangu, hata sokoni watu huongezana."

"Hapa si sokoni, mzee wangu. Dripu yenyewe inashusha damu. Nikikupa ukiwa chini hivi nitakuangusha." Akamwandikia vidonge vya madini ya chuma, akamwambia arudi Jumanne ijayo.

Basi ikaanza wiki ya kutafuta pointi mbili. Dada yake, wifi wa mkewe, akaja na juisi nyekundu ya viazi vya biti, akasimama pale pale mpaka glasi ikaisha. Jirani akaleta mboga za majani za kujaza beseni. Maini alikula mpaka akawa akikutana na paka njiani anaona haya. Vidonge alimeza asubuhi, mchana na jioni kama alivyoandikiwa. Jumanne ikafika, akakaa kwenye benchi kifua mbele kama mwanafunzi aliyesoma usiku kucha.

Saba nukta sita.

"Imeshuka?" akauliza. "Nimekula ini mimi, nimemeza vidonge, halafu imeshuka? Hiyo mashine ni nzima?"

"Ni nzima, mzee wangu. Wewe mwenyewe unajisikiaje?"

"Sijambo."

"Unachoka?"

"Aa, uzee tu huu."

"Shida nyingine yoyote?"

"Hakuna, tunamshukuru Mungu."

Daktari akaandika: *Hana malalamiko.* Akaahirisha tena.

Hapa ndipo penye kisa chetu, kwa hiyo nitasimama kidogo. Mama yake Lifti, marehemu, aliwalea wanawe na kanuni moja: mtu akikuuliza hali, mpe njema kwanza, mzigo wako usimtwishe mtu mlangoni. Sote tumelelewa hivyo. Nyumba ya mtu inaweza kuwa inaungua na ukimuuliza habari atakujibu "nzuri". Ila sisi wengine tukishasema nzuri huongeza "ila". Nzuri, ila nyumba inaungua. Njema, ila mtoto ana homa. Lifti hakuwa na ila. Alisema sijambo, akafunga mdomo, na kilichobaki akakipeleka nyumbani.

Na kilichobaki kilikuwa kingi. Asubuhi alivaa soksi ya kwanza, akapumzika, akavaa ya pili. Kazini alipanda vidato kumi na tisa, akafika kona ya ghorofa ya kwanza, moyo ukimgonga hadi masikioni. Kona ya pili kuna ubao wa matangazo. Akawa anasimama hapo kana kwamba anasoma. Tangazo lililobandikwa lilihusu mkutano uliofanyika miaka minne nyuma. Alilisoma mara tatu kwa siku kwa uso wa mtu anayetarajia kuhudhuria. Kona ya tatu hakuna ubao, kwa hiyo hapo aliinama kufunga kamba za viatu. Mlinzi wa jengo alimpita siku moja akamtazama miguuni.

"Mzee Lifti, hivyo viatu si vya kutumbukiza tu? Kamba iko wapi?"

"Ndiyo naitafuta," Lifti akajibu.

Mlinzi akacheka akaenda zake. Lifti akabaki ameinama kwa sababu kuinuka kulihitaji pumzi ambayo bado haijafika.

Mkewe ni dobi. Anafua na kupiga pasi mashuka ya nyumba za wageni, ana mikono mikubwa na jicho la kuona doa kabla halijatokea. Aliyaona yote haya nyumbani, akayasema yote, akajibiwa "nipo sawa" mpaka neno lenyewe likamchosha masikio. Hospitali alimsindikiza kila mara, lakini aliishia kwenye benchi la nje.

"Niingie nawe," alimwambia kila Jumanne.

"Wewe ukiingia, daktari atapandwa na presha. Kaa hapo."

"Mimi nitamwambia kweli."

"Kweli ipi? Kipimo kinasema kweli. Kaa."

Akakaa. Lakini alikaa kama chungu kilichofunikwa kikiwa motoni.

Sasa, siku mbili baada ya kuahirishwa mara ya pili, Lifti alisahau kadi yake ya kliniki nyumbani, naye alitakiwa mchana huo akachukue vidonge zaidi. Mkewe akampelekea ofisini. Chini kaunta wakamwambia mumewe amepanda juu. Akapanda. Alipita kona ya kwanza, ya pili, hakumkuta, kwa sababu wakati huo Lifti alikuwa chooni ghorofa ya pili, amekaa juu ya ndoo iliyogeuzwa, anasubiri moyo utulie. Mama wa watu akafika ghorofa ya nne akakutana na Bi Saa uso kwa uso.

"Wewe ndiye mke wa Lifti?"

"Ndiye mimi, dada. Habari za kazi?"

"Nzuri, ila mume wako."

Bi Saa akafungua droo akatoa karatasi mbili zilizopigwa mistari kwa rula. "Hii nampelekea bosi Ijumaa. Mimi si mtu wa kuchongea wenzangu gizani, kwa hiyo soma. Miaka kumi na tisa tumegombana naye, sijawahi kumwita mzembe. Sasa namwita."

Mkewe akasoma. Bi Saa alikuwa amelipitia daftari jeusi la miezi mitano, mstari kwa mstari. Tarehe. Saa ya kutoka chini. Saa ya kupokelewa juu. Dakika alizotumia njiani. Juu kabisa ya ukurasa: nne, nne, tano, nne. Kisha kumi na moja, kumi na tatu. Kisha ishirini na mbili. Ukurasa wa pili ulikuwa na wino mwekundu: thelathini na nane, thelathini na tano, arobaini na tatu, na pembeni ya kila moja, kwa herufi kubwa, IMECHELEWA.

"Ghorofa nne, dakika arobaini na tatu," Bi Saa akasema. "Konokono angeshafika, akanywa chai, akaomba likizo."

Mkewe hakucheka. Alikuwa anatazama tarehe. Kumi na moja: wiki ile ya baada ya dripu ya kwanza. Ishirini na mbili: baada ya pili. Thelathini na nane: baada ya tatu. Yote aliyokuwa akiyalilia nyumbani tangu dripu ya kwanza, mtu alikuwa anayaandika, tena kwa dakika.

"Dada," akasema taratibu, "hii naomba niichukue mimi."

"Ya nini?"

"Kuna mtu anaihitaji na hajui kama ipo."

"Nani huyo?"

"Daktari wake wa saratani."

Bi Saa alikuwa amesimama, akakaa. Lifti ofisini alisema ana tumbo. Tumbo, basi, na kila aliyemuuliza anaendeleaje alijibiwa sijambo. Bi Saa akazitazama karatasi zake, zile herufi nyekundu, akanyoosha mkono kana kwamba anataka kuzirudisha. Kisha akasema:

"Subiri. Haina mhuri."

Akavuta mhuri wa ofisi, akaupuliza, akagonga karatasi zote mbili, pa, pa, akaandika tarehe na saa.

Jumanne ya tatu ikafika. Mkewe alikuwa amezikunja karatasi ndani ya mkoba, na hakumwambia mumewe kitu. Damu ikatolewa, ikapimwa, Lifti akaitwa ndani, mlango ukafungwa. Benchi zima likamsikia mama yule anahesabu kwa sauti ndogo: moja, mbili, tatu. Alipofika ishirini akainuka, akagonga, akaingia bila kungoja jibu.

"Mama, tafadhali," muuguzi akasema, "mgonjwa mmoja mmoja."

"Mgonjwa ni mmoja, ni huyu. Mimi nimeleta barua yake."

"Barua gani hii tena!" mumewe akafoka, kwa kuchanganyikiwa, akasahau kwamba mbeba barua ni yeye. "Nilikwambia ukae nje!"

Daktari alikuwa ameshaandika: saba nukta nne. Hujambo, sijambo, hana malalamiko. Kalamu ilikuwa imefika kwenye neno "aahirishwe". Akazipokea karatasi, akaona mhuri, akadhani ni ruhusa ya kazini. Akasoma mstari wa kwanza. Akasoma wa pili. Akageuza ukurasa. Kisha akaweka kalamu chini, na hilo Lifti hakuwahi kumwona akilifanya.

"Hizi ni dakika za nini?"

"Za kupanda ngazi, daktari," mkewe akajibu. "Vidato sabini na sita. Ni zile zile, hazijaongezwa."

"Nani ameandika hivi?"

"Adui yake wa kazini."

"Adui huyu ningempata mimi hapa, ningelala usingizi." Akamgeukia Lifti, na safari hii alimtazama usoni. "Mzee wangu. Ukipanda, unasimama wapi mara ya kwanza?"

"Kona ya kwanza," Lifti akasema.

"Kwa nini?"

"Kupumzika kidogo."

"Moyo unagonga?"

"Unagonga. Lakini mtu akipanda ngazi moyo hugonga, si…"

"Kifua?"

Akatazama dirisha. "Kinabana. Kidogo tu."

"Tangu lini?"

"Si muda mrefu. Wiki tano."

Mkewe akashika kichwa. Daktari akaushika mkono wa mgonjwa, akahesabu mapigo akitazama saa: mia moja na kumi na mbili, mtu amekaa kwenye kiti. Akavuta chini ukope wa jicho lake. Ndani palikuwa peupe kama karatasi. Akamtuma muuguzi alete mashine ya kupima moyo.

"Sikiliza," daktari akasema, na sauti yake haikuwa ile ya upole wa kila siku. "Mtu mwenye saba nukta nne asiye na shida yoyote, naweza kumsubiri. Mtu mwenye saba nukta nne anayepumzika kila ghorofa, moyo unakimbia, kifua kinabana, huyo hasubiriwi. Huyo anaongezwa damu. Namba ni ile ile, watu ni wawili. Na mimi Jumanne tatu hizi nimekuwa namtibu yule mwingine."

"Lakini nimemeza vidonge," Lifti akasema. Sasa alikuwa na hasira, na hasira yenyewe haikujua imwendee nani. "Nimekula kila kitu! Mboga, ini, biti. Nimefanya kila nililoambiwa na namba inashuka! Mtu afanye nini basi?"

"Vidonge unameza na nini?"

"Na chai."

"Chai gani?"

"Ya rangi. Ya ofisini, nzito ile. Chungu mdomoni, vidonge vinapita bila kuhisiwa."

Daktari akafumba macho kidogo. "Chai inakikamata chuma kabla mwili haujakipata. Unakimeza, kinatoka nje kama kilivyoingia." Akafumbua macho. "Lakini usijilaumu kwa chai peke yake. Utumbo ulivuja damu muda mrefu, akiba yako ya chuma iliisha. Halafu dripu zinapiga saratani, na humo humo zinapiga uboho wa mifupa, ndiko kiwandani damu inakotengenezwa. Na ugonjwa wenyewe hufanya mwili ukifungie chuma kidogo ulicho nacho. Ini la ng'ombe haliwezi kuyashinda hayo yote. Nitapima akiba, na ikiwa ni kama ninavyodhani, chuma nitakipitisha kwenye mshipa."

"Jirani anasema kuna sindano inayozalisha damu. Kwa nini nisipewe hiyo, yaishe?"

"Ipo. Inaamsha kiwanda. Lakini kwa mtu ambaye shabaha yetu ni apone kabisa, kama wewe, siipendi. Inaweza kugandisha damu kwenye mishipa, na kuna hofu kwamba huusaidia na ugonjwa. Wewe nataka damu ya kuongezwa sasa, chuma, na kweli. Hiyo ya tatu ndiyo niliyoikosa."

Akafungua faili, akarudi nyuma kurasa, akazionyesha kwa kidole. *Hana malalamiko. Hana malalamiko. Hana malalamiko.* "Na kosa si lako tu. Nilikuuliza salamu nikadhani nimeuliza ugonjwa, tena nikiwa naandika. Hata siku moja sikukuuliza habari za ngazi."

Nje kwenye korido Lifti alitembea hatua nane mbele ya mkewe bila kugeuka, ambayo kwa hali yake ilikuwa mbio. Kisha ukuta ukamwita, akauegemea.

"Umenivua nguo mbele ya watu."

"Nguo nafua mimi. Nazijua zikichafuka."

"Ungeniambia kwanza."

"Nimekwambia tangu dripu ya kwanza! Miaka thelathini umebeba barua za watu, hakuna iliyopotea. Yako mwenyewe, ya mdomoni, ukashindwa kuifikisha upande wa pili wa meza." Watu wa benchi wakajifanya wanatazama miguu yao. "Wiki mbili, baba. Ile dawa ingekuwa imeshaingia."

Kwa mara ya kwanza hata sijambo haikupatikana.

Msidhani kuanzia hapo mambo yalinyooka. Kipimo cha moyo kilitoka salama, afadhali, lakini benki ya damu ilikuwa na chupa moja tu ya kundi lake. Ya pili ingepatikana ndugu wakija kuchangia. Mkewe akanyoosha mkono wake mkubwa kwanza. Wakampima presha, wakamwambia hapana, mama, imepanda sana.

"Aliyeipandisha yuko kitanda cha saba," akasema. "Mwandikeni."

Wifi wa juisi alikuja, akaambiwa damu yake mwenyewe haitoshi, arudi nyumbani ale vizuri. Hilo lilimchoma kuliko sindano, akakaa kwenye benchi akirudia, "Mimi? Mimi ninayewakamulia watu biti?" Mchana mzima ukaenda hivyo, karatasi hii ipeleke dirisha lile, dirisha lile limefungwa kwa chakula, rudi saa nane. Saa nane na dakika tano dirisha bado limefungwa, na nyuma ya mkewe kwenye foleni sauti ikasema:

"Dakika tano. Hawa wangekuwa ghorofa yangu."

Alikuwa Bi Saa, na mlinzi wa jengo pamoja naye. Wote wawili walipimwa wakafaa. Bi Saa alichangia ameangalia saa ya ukutani, na alipomaliza alimwambia muuguzi kwamba imekwenda nyuma dakika mbili. Kisha akaingia wodini. Lifti alikuwa amelala, chupa ya kwanza inadondoka tone tone, nyekundu iliyokolea.

"Sikuja kuomba radhi," Bi Saa akasema akiwa amesimama. "Ulichelewa, nikaandika."

"Uliandika vizuri."

"Ungesema unaumwa nini."

"Ungenifanyaje?"

Bi Saa akafikiri kwa haki. "Ningeshuka mpaka ghorofa ya pili."

"Ghorofa ya pili tu?"

"Vidato thelathini na vinane kila mtu. Usizidishe."

Lifti akacheka, kicheko kikageuka kikohozi, muuguzi akaja kupunguza kasi ya chupa na kumfukuza mgeni.

Akiba ya chuma ikapimwa, ikawa karibu na sufuri. Wakampitishia chuma kwenye mshipa. Jumanne iliyofuata damu ikasoma nane nukta tisa. Daktari hakushangilia.

"Hii itashuka tena," alisema. "Nataka ujue mapema. Dripu ya leo itaishusha, na ya tano, na ya sita. Chuma kinahitaji wiki kadhaa kuonyesha kazi yake. Tutaifukuzia hivi hivi mpaka mwisho. Wiki tatu zilizopotea siwezi kuzirudisha, na siwezi kukuahidi hazina madhara. Zilizobaki, mzee wangu, tusizipoteze. Haya, niambie: hali?"

Mdomo wa Lifti ulikuwa umeshaanza. Mkewe, ambaye siku hizi ana kiti chake ndani, akaukaza mkoba magotini.

"Njema," Lifti akasema. Akavuta pumzi kama mtu aliyefika kona ya kwanza. "Ila jana nimepanda vidato thelathini na vinane, nimesimama mara moja. Kifua hakijabana. Mikono ina ganzi, sijawahi kukwambia. Usingizi hakuna. Choo ni cheusi kama lami tangu vile vidonge, nilidhani nimevuja tena nikaogopa kuuliza. Na hiyo lifti ya ofisini, daktari, kama una mtu unayemjua…"

"Polepole," daktari akasema, anaandika kwa kasi. "Choo cheusi vidonge vyaweza kukifanya, lakini vidonge uliacha, kwa hiyo hicho tunakipima leo leo. Endelea."

Akaendelea. Alichukua dakika kumi na moja. Mkewe alizihesabu.

Saa nne hivi akalazwa kwenye kiti cha dripu, mshipa ukatafutwa, ukakataa, ukatafutwa mkono mwingine. Alikuwa amekuja na daftari. Bi Saa ndiye aliyempa, jipya, jeusi, mgongo mwekundu, mistari imeshapigwa kwa rula: tarehe, vidato, mara alizosimama, moyo, kifua, na mwisho kabisa nafasi ya sahihi. Lifti alilaani alipopewa, akasema mwanamke huyu hamwachi mtu hata hospitalini. Lakini alikuwa amejaza siku zote saba.

Muuguzi alipofungua dripu ya nne na tone la kwanza likadondoka, Lifti akamsogezea daftari kwa mkono uliokuwa huru.

"Tia sahihi hapo."

"Sahihi ya nini, mzee?"

"Ya kupokea. Na saa. Saa kamili, usiandike asubuhi."

Muuguzi akacheka, akaandika: saa nne na dakika ishirini na sita. Lifti akalivuta daftari, akautazama mstari ule kwa muda, uso wake hauna kicheko hata chembe. Akamgeukia mkewe.

"Una kalamu nyekundu?"

Mkewe akapekua mkoba, akampa ile anayoandikia alama za mashuka. Lifti akaandika pembeni taratibu, kwa herufi kubwa, akikandamiza mpaka karatasi ikaacha alama upande wa pili: IMECHELEWA. SIKU ISHIRINI NA MOJA.

Akalifunga, akaliweka kifuani kama anavyolikumbatia akipanda, akalala akitazama matone.